Shangazi, nimtumie kaka kurasa 14 za ushahidi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi. Kaka yangu, ambaye nimemfuata ziwa, hatujazungumza tangu Mei 2020 zaidi ya salamu za misibani. Hatukugombania urithi wala mali. Tuligombana juu ya lini shughuli zifunguliwe wakati wa Korona.

Naomba nikueleze ilivyokuwa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Machi 11, 2020 kwamba ugonjwa umekuwa janga la dunia, haikuchukua siku nyingi kila kitu kikafungwa. Kaka alikuwa na ukumbi wa sherehe. Unaweza kukisia: sherehe zilikuwa za kwanza kupigwa marufuku na za mwisho kuruhusiwa. Mimi nilikuwa wodini, zamu za usiku. Mwezi ule wa kwanza wa kufungwa tulielewana kabisa. Kila asubuhi nikitoka zamu alinipigia simu, maneno machache tu, "Umetoka salama?" kisha anakata.

Wiki ya sita au ya saba, idadi ya wagonjwa wapya ikaanza kushuka. Usiku mmoja akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo: "Namba zimeshuka. Sasa tunasubiri nini? Wenye mshahara kila mwisho wa mwezi hawana haraka ya kufungua." Kwenye kundi lile kulikuwa na watu 63, lakini mwenye mshahara aliyekuwa akisema tusubiri nilikuwa mimi. Nilisoma ujumbe ule kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Usiku huo tulikuwa tumepoteza wagonjwa wawili. Nikajibu mbele ya wote: "Fungua ukumbi wako, halafu uje usiku unisaidie kuwafunika hao wageni wako."

Dole gumba zikamiminika, nyingine kwangu, nyingine kwake. Binamu wakagawanyika. Mjomba mmoja akaomba tuache ubishi, naye akaambiwa ana upande. Kaka akajitoa kwenye kundi usiku uleule. Simu za asubuhi zikaisha.

Baadaye masharti yalilegezwa, yakakazwa, yakalegezwa tena. Ukumbi wake haukufunguliwa. Mwaka jana ndipo wifi aliponisimulia kwamba aliuza viti mia kwa mia, na hata vilipokwisha aliendelea kwenda kufagia ukumbi mtupu kila Jumamosi, mpaka pango lilipomshinda.

Sasa mama anatimiza miaka 80 na anataka wanawe wote. Nimeandaa faili la kurasa 14: historia, takwimu, nchi zilizofungua mapema na yaliyowapata. Nia yangu si kumkomoa, nataka aelewe nilikuwa nasema nini. Nakuambatishia ulisome. Maswali yangu ni mawili. Nimtumie kabla ya siku ya mama? Na kwa haki kabisa, kati yetu nani alikuwa sahihi? Wifi anasema kaka atakuja iwapo nitaanza mimi kukiri.

Wako, Muuguzi Aliyechoka Kubishana

*

Marahaba mwanangu.

Usimtumie. Swali la kwanza nimelimaliza. La pili ndilo lenye kazi, na kwa kuwa umenitumia kurasa 14, lazima nikujibu kwa kuzifungua.

Nimezisoma zote. Ukurasa wa 3, wa jiji la San Francisco, Marekani, ni mzuri na ni wa kweli: Novemba 21, 1918 ving'ora vililia saa sita mchana, watu wakavua barakoa na kuzitupa barabarani kwamba homa ile ya mafua imekwisha. Januari 1919 amri ya barakoa ikarudi, na safari hii kukaibuka chama kizima cha kuipinga. Lakini umeutumia ukurasa huo kuonyesha kwamba watu wa haraka kama kaka yako huwa wanakosea. Mimi nikiusoma naona jambo jingine pia. Miaka zaidi ya 100 iliyopita watu waligombana vilevile, kwa hasira ileile, na waliokuwa wakipinga walikuwamo hata madaktari. Ugomvi wenu haukuzaliwa kwenye WhatsApp.

Kurasa za 5 na 6, za hesabu, ndizo bora kuliko zote, na hapo ndipo kaka yako aliteleza kweli. Chukua wagonjwa 1,000. Kila kumi wakiwaambukiza watu tisa tu, baada ya mizunguko mitano ya maambukizi wagonjwa wapya wanakuwa kama 590. Kila kumi wakiwaambukiza kumi na wawili, mizunguko hiyohiyo inakuletea karibu 2,490. Tofauti ya watu watatu kwa kila kumi, na kwa ugonjwa huu mzunguko mmoja ulikuwa wa siku chache tu. Angela Merkel, kansela wa Ujerumani wakati ule, aliyekuwa mwanafizikia kabla ya kuingia siasa, aliwafafanulia Wajerumani hesabu ya aina hii Aprili 15, 2020: mgonjwa mmoja akiambukiza wastani wa 1.1, hospitali zitaelemewa Oktoba, akiambukiza 1.2, ni Julai, 1.3, ni Juni. Namba ndogo sana machoni, miezi mingi sana wodini.

Kwa hiyo kaka yako alipoandika "namba zimeshuka, tunasubiri nini?", alikuwa ameshika sababu na kuiita kizuizi. Zilishuka kwa kuwa watu walikuwa ndani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu asiyefanya kazi hospitali haoni kwa urahisi: mgonjwa anayelazwa leo aliambukizwa wiki moja au mbili nyuma. Ukifungua Jumatatu, Jumatatu inayofuata kila kitu kinaonekana shwari, na wale waliosema "tufungue" wanakucheka. Wewe ulikuwa ukiishi wiki mbili mbele yake. Ndiyo maana Uingereza ilipofungua mwaka 2021 iliweka hatua nne zenye nafasi ya angalau wiki tano kati ya moja na nyingine: wiki nne za kuona matokeo, wiki moja ya kuwataarifu watu. Hata hivyo hatua ya mwisho, iliyopangiwa Juni 21, ilisogezwa hadi Julai 19 kwa sababu ya aina mpya ya kirusi iliyoitwa Delta. Waliahidi kufuata takwimu na si tarehe, kisha wakataja tarehe, na magazeti yakazishika tarehe. Binadamu ndivyo tulivyo, tunataka siku ya kuhesabia.

Sasa ukurasa wa 9. Mwanangu, ukurasa huu hauko sawa. Umeandika kwamba Sweden "haikufanya lolote". Mwishoni mwa Machi 2020 Sweden ilipiga marufuku mikusanyiko ya zaidi ya watu 50. Wanafunzi wa sekondari ya juu na vyuo walisomea nyumbani. Kutembelea wazee kwenye nyumba za kuwatunzia kulikatazwa. Ni kweli kwamba mwaka ule ilizika watu wengi, kwa uwiano wa idadi ya watu wake, kuliko jirani zake Norway, Finland na Denmark. Ni kweli pia kwamba nchi kadhaa zilizofunga kwa nguvu, Uingereza na Hispania zikiwemo, zilizika wengi zaidi. Tume ya Waswidi wenyewe ilisema Februari 2022 kwamba kutegemea hiari ya watu kulikuwa uamuzi sahihi kwa sehemu kubwa, ila hatua za mwanzo zilikuwa chache na zilichelewa. Umeona? Hata wao, wakiwa na hesabu zote mezani na miaka miwili ya kufikiri, hawakupata jibu la mstari mmoja. Wewe ulitaka kaka yako alipate usiku mmoja.

Ukurasa wa 11 nao una nusu ya habari. Umeweka shule ya Jerusalem iliyofunguliwa Mei 2020, ambako joto lilizidi, barakoa zikavuliwa, na wanafunzi zaidi ya 150 wakakutwa na maambukizi. Sawa. Mbona Denmark hukuiweka? Ilifungua shule za watoto wadogo Aprili 15, 2020, kabla ya karibu Ulaya nzima, na mlipuko uliohofiwa haukutokea. Walianza na wadogo, wakawagawa katika vikundi vidogo, wakawaweka nje kila ilipowezekana, wakawanawisha mikono mpaka ikakauka. Nchi mbili zilifungua mlango wenye jina lilelile na kilichotokea ndani hakikufanana. Ukimwekea kaka yako Jerusalem bila Denmark, ataiona Denmark mwenyewe, kisha hatakuamini hata kwenye ile hesabu ambayo ni ya kweli.

Nadhani hapo ndipo faili lako lote linapopinda. Umeliandika kana kwamba swali lilikuwa "tufungue au tusifungue". Halikuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa masharti yake sita ya kulegeza, Aprili 2020, halikusema siku. Liliuliza: maambukizi yamedhibitiwa? Hospitali zina uwezo wa kupima, kutenga, kutibu na kuwafuatilia waliokutana na mgonjwa? Hatari imepunguzwa sehemu kama nyumba za wazee? Kazini na shuleni kuna kinga? Wageni wanaoingia na maambukizi mnaweza kuwabaini? Wananchi wameelewa na wako tayari? Kufunga kulikuwa kwa ajili ya kupata nafasi ya kuyaandaa hayo. Penye maandalizi, kufungua kulikuwa ngazi ya kushuka pole pole. Pasipo na maandalizi, hata miaka mitatu ya kufunga haikutosha: China iliachana na masharti yake makali kwa ghafla Desemba 2022, wazee wengi wakiwa hawajamaliza chanjo, na wimbi likawapiga wote kwa mpigo.

Na usimwambie kaka yako kwamba "wataalamu wote" walikuwa upande wako. Oktoba 2020 wanasayansi watatu wa vyuo vikuu vikubwa, Jay Bhattacharya, Sunetra Gupta na Martin Kulldorff, walitoa tamko lililoitwa la Great Barrington, wakitaka walio hatarini walindwe na wengine waendelee na maisha. Mwezi huohuo wanasayansi wengine wakajibu kwa waraka wa John Snow katika jarida la tiba la Lancet kwamba huo ni upotofu wa hatari. Mimi niko na hao wa pili, kwa sababu moja ya nyumbani tu: bibi na mjukuu wanalala chini ya paa moja, sasa utamlinda yupi na kumwachia yupi? Lakini sitajifanya kwamba mabishano hayakuwapo. Maprofesa walirushiana maneno kama ninyi, tofauti ni kwamba wao hawana mama mmoja.

Nikifika hapa nataka ukae chini. Ninyi wawili hamkuwa mkijibu swali moja. Wewe ulikuwa ukiuliza: tukifungua leo, wodi itakuwaje baada ya wiki tatu? Yeye alikuwa akiuliza: tusipofungua, mzigo huu anabeba nani? Swali lako lina hesabu. Lake halina hesabu, au tuseme hesabu zake hazitoi jibu. Hakuna mtaalamu wa virusi anayeweza kukuambia wiki ngapi za masomo ya mtoto ni sawa na vitanda vingapi vya wagonjwa mahututi. Aprili 2020 wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa nje ya madarasa duniani. Mwezi huo Shirika la Kazi Duniani lilionya kwamba watu kama bilioni 1.6 wenye kazi zisizo rasmi wako katika hatari ya kupoteza riziki. Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kuifunga India nzima Machi 24, 2020 saa mbili usiku, ianze kutekelezwa saa sita usiku uleule. Saa nne. Vibarua waliokuwa mbali na kwao, magari yakiwa yamesimama, wakarudi vijijini kwa miguu na watoto mabegani. Ukiwaangalia wale barabarani huwezi kuniambia kwamba swali la "nani anabeba" lilikuwa la watu wasiojali uhai.

Sentensi ya kaka yako juu ya wenye mshahara ilikuwa chafu, kwa sababu ilikulenga wewe ambaye mshahara wako uliupata kwa kulala bila usingizi. Lakini ndani yake mlikuwa na jambo la kweli. Mzigo haukugawanywa sawa. Mwenye ukumbi aliambiwa afunge kwa faida ya wote, na hao wote hawakumsaidia kulipa pango. Kama kwenye zile kurasa 14 ungekuwa umeweka moja tu inayosema hivyo, ningekujibu tofauti juu ya kuzituma.

Umeuliza nani alikuwa sahihi, nami sipendi washauri wanaokwepa. Kuhusu ukumbi wa sherehe, Mei 2020, ulikuwa sahihi wewe. Chumba kimefungwa, watu wanaimba, wanakula, wanakumbatiana kwa saa nyingi: ni vigumu kupata mahali pabaya zaidi kwa ugonjwa ule. Kwenye jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu Machi 10, 2020, mmoja wao akiwa na dalili. Waliougua walikuwa 53, wawili wakafa. Kumbi zilistahili kuwa za mwisho. Kuhusu kudai tarehe, maelezo na msaada, alikuwa sahihi yeye, na kudai kule hakukuwa kosa. Nyote wawili mlikuwa sahihi kwa jambo ambalo mwenzake hakuwa akilisema, na hayo yamewagharimu simu za kila asubuhi kwa miaka yote hii.

Sasa ile sentensi yako. Nimeisoma mara nyingi kuliko kurasa zote. Haikumwambia kwamba anakosea juu ya maambukizi. Ilimwambia, mbele ya ukoo mzima, kwamba yuko tayari kuua watu kwa ajili ya ukumbi. Naelewa ilikotoka, wagonjwa wawili kwa usiku mmoja si mchezo, na ningependa siku moja uniandikie juu ya hao wawili kwa sababu sidhani kama umewahi kumsimulia mtu. Lakini aliyepigwa nayo hakuwa wodini, hakujua. Alibaki na maneno tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usisubiri siku ya mama. Siku ile kuna wageni, kuna picha, kila mtu atawatazama ninyi badala ya mama, naye atajua. Piga simu wiki mbili kabla. Omba radhi kwa sentensi ile tu. Usiombe radhi kwa msimamo wako, maana huamini kwamba ulikosea, na yeye anakujua tangu mnapigania kitanda, atakusikia kwamba unadanganya. Sema tu: "Kaka, yale niliyokuandikia juu ya wageni wako hayakustahili. Niliyasema mbele ya watu, na ukiruhusu nitayafuta mbele ya haohao." Usiweke "lakini". Usimtajie kwamba naye aliandika juu ya mishahara. Huenda akaomba radhi kwa hilo, huenda asiombe kamwe; ukipiga simu huku unalisubiri, atalisikia hilo pia.

Kisha muulize juu ya viti. Muulize alivyouza vya kwanza ilikuwaje, na alikuwa anafagia nini ukumbini siku za Jumamosi. Nyamaza asimulie. Wewe una historia ya San Francisco ya 1918, lakini ya ukumbi wa kaka yako umeisikia kwa wifi.

Asipopokea, usitume ujumbe mrefu. Rudia kesho yake. Na chagua saa ya asubuhi, ile aliyokuwa akikupigia yeye ukitoka zamu. Akipokea na ukakosa la kusema, muulize kama ameamka salama.

Faili usilifute. Siku atakapokuomba mwenyewe, ukurasa wa 9 uwe umesharekebishwa, na Denmark iwemo.

Shangazi